Jarida la Elimu: Kutoka Karatasi hadi Intaneti

Katika mwezi wa Machi, 1665, Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, alitoa huko London toleo la kwanza la Philosophical Transactions. Kabla ya hapo wataalamu walipashana habari zaidi kwa barua na vitabu, na mvumbuzi aliweza kunyang'anywa sifa yake. Jarida liliweka tarehe, likawa shahidi.

Kwa zaidi ya miaka mia tatu desturi hiyo ilitegemea karatasi. Maktaba ikishalipa, toleo lilikuwa mali yake. Hata ilipofika Agosti, 1991, Paul Ginsparg, mtaalamu wa fizikia huko Los Alamos, Marekani, alianzisha hazina ya makala iliyosomwa kwa kompyuta bila ada, ambayo leo huitwa arXiv. Baadaye wachapishaji nao walihamishia majarida yao kwenye intaneti. Walakini mara nyingi maktaba hainunui tena toleo, bali hulipia ruhusa ya kulisoma. Ada ikikoma, huenda hata matoleo ya zamani yakafungwa. Tamko la Budapest la 2002 lilitaka makala za wataalamu zisomwe na wote bila malipo. Basi safari ya jarida imekuwa fupi, lakini haki ya kulihifadhi ingali yabishaniwa.