Wimbo wa haan na mistari minne ya ayeeyo

Wiki mbili zilizopita nilirekodi wimbo wa kusukasuka maziwa, ayeeyo wangu akiimba hapa Garissa. Halafu nikarekodi huo huo kwa dada yake. Haufanani! Mwanzo ni mmoja, kisha kila mtu anashika njia yake. Abti yangu akasikiliza zote kwa simu yangu, akaniambia, "Futa moja. Wimbo wa kweli ni mmoja."

Namjibu hapa, kwa heshima, kwa sababu nyumbani siwezi.

Abti hajakosea kabisa. Yeye amelelewa na gabay, na gabay ina sheria zake. Kwanza unataja aliyeitunga, ndipo unaisema neno kwa neno. Kisha kuna ile sauti: kila nusu ya mstari lazima iwe na neno linaloanza na herufi ile ile, toka mwanzo hadi mwisho. Ukibadilisha neno moja tu, sikio la mzee linashtuka. Hiyo ndiyo kufuli yake. Herufi rasmi za Kisomali zilikuja 1972, na miaka miwili baadaye Jaamac Cumar Ciise akatoa kitabu cha mashairi ya Sayyid Maxamed Cabdulle Xasan, aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka 50. Yalikuwa yameishi vichwani mwa watu. Halafu kaseti zikaja. Ule mnyororo wa Deelley wa 1979 na 1980, wa akina Gaarriye na Hadraawi, wote kwa herufi D, ulisambaa kwa watu kunakiliana kaseti. Shairi likawa na sauti, likawa na jina la mwenyewe.

Sasa, wimbo wa haan una jina la nani?

Hakuna. Haan ni chombo cha maziwa, kinasukwa kwa nyuzi na mizizi, na mwanamke anakitikisa mpaka siagi itoke. Mkono unachoka, ndiyo maana anaimba. Anaongeza mstari wa mtoto wake, wa ukame, wa mume aliyechelewa kurudi malishoni. Hakuna mwanaume aliyekaa akaukariri autembeze kisimani kama gabay. Kwa hivyo ukiniambia nitafute toleo la asili, manze, unanituma nitafute kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Kila toleo ni la mwenye haan.

Na kuna jambo ambalo Abti hajui. Toleo la ayeeyo lina mistari minne ambayo dada yake hana. Dada yake ameishi Balambala maisha yake yote. Ayeeyo alikuwa hapa mjini Novemba 1980, wakati vikosi vya serikali vilipochoma Bulla Kartasi na watu wakazuiliwa siku kadhaa katika uwanja wa shule ya msingi, bila chakula wala maji. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaandika hayo. Ayeeyo hajui kusoma ripoti. Ameyaweka kwenye wimbo wa maziwa, katikati, pale ambapo dada yake anaimba juu ya mvua.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sijioni mwanahistoria. Lakini hiyo tofauti ya mistari minne ndiyo historia yenyewe. Ukichagua toleo moja "safi", ukalipamba na muziki kama tunavyofanya sisi watu wa video, utachagua la mvua. Ni tamu zaidi, halina shida na mtu.

Kitu kingine sikukitarajia. Hiyo mistari niliisikia jikoni, simu ikiwa mfukoni. Nilipoisimamisha simu mbele yake na kuwasha, aliimba wimbo wote akairuka. Nikamuuliza mbona. Akanijibu, "Ayeeyo, hiyo ni ya ndani." (Kwetu nyanya anakuita kwa jina lake mwenyewe.) Kwa hivyo tayari kuna matoleo matatu, na la tatu nimelitengeneza mimi na simu yangu.

Nimeandika ile mistari kwenye daftari, na tarehe, na mahali alipokuwa ameketi. Sitaiweka mtandaoni mpaka aseme. Rekodi zote mbili zinabaki, Abti, nisamehe. Jumamosi naenda Balambala tena, nimeambiwa kuna jirani wa dada yake ambaye wimbo wake unaanza na ngamia.