Uzee unavyodhoofisha uwezo wa ubongo kupambanua mandhari

MZEE anayevuka barabara karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu, hukabiliwa na pikipiki, mikokoteni na umati wa watu kwa wakati mmoja. Kuyapambanua yote hayo si kazi ya macho pekee, bali pia ya ubongo.

Mnamo 1998, watafiti wa Marekani Russell Epstein na Nancy Kanwisher walibainisha sehemu ya ubongo inayoshughulikia mandhari. Mwaka wa 2004, Denise Park na wenzake walionyesha kuwa sehemu zinazotambua nyuso na majengo hupoteza umahsusi wake uzeeni. Aidha, ubongo hukawia kutenga jambo muhimu na lisilo muhimu.

Ndiposa mvuvi mkongwe wa Dunga aweza kusoma vyema kwa miwani, lakini akachelewa kutambua mtumbwi usiku katikati ya taa nyingi za wavuvi wa omena.

Hata hivyo, uchunguzi wa macho hutangulia, kwani mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Nyumbani, mwangaza wa kutosha na njia isiyo na vikwazo humpunguzia mzee hatari ya kuanguka. Barabarani, asiharakishwe.