Kaptagat na Sauti ya Ardhi Inayoporomoka

Uwanda wa Uasin Gishu, ambao mji wa Eldoret umekaa juu yake kwa kimo cha mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, hukatika ghafla upande wa mashariki kwenye ukingo wa Elgeyo, ambako ardhi huteremka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Ukingo huo ni ukuta wa lava ngumu iliyotandazwa juu ya miamba ya kale zaidi, na kila msimu wa mvua maji huyeyusha udongo uliolala juu ya miamba hiyo na kuuporomosha makorongoni pamoja na mawe na miti. Mashamba ya Wamarakwet chini ya ukingo, yanayonyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa karne nyingi kabla ya ukoloni, yamelimwa kwa sehemu kubwa juu ya matandazo ya udongo ambayo mafuriko na maporomoko ya zamani yaliyamwaga mbele ya kila korongo, hivi kwamba rutuba inayowalisha watu na hatari inayowaua zimetoka katika mteremko uleule.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Durham cha Uingereza waliweka vipima-tetemeko huko Kaptagat, kusini-mashariki mwa Eldoret, karibu na ukingo huo. Vilipangwa kwa safu, yaani ala kadhaa zilizotawanywa kwa umbali mfupi na kurekodi kwa kufuata saa ileile moja, ili tofauti ndogo ya muda kati ya ala moja na nyingine ioneshe wimbi limetoka upande gani na linakwenda kwa kasi gani. Matokeo yaliyochapishwa katika miaka ya 1970 yalionesha kwamba gamba la dunia chini ya ubavu wa magharibi wa Bonde la Ufa ni nene kama lilivyo katika mabara ya kale, ilhali chini ya bonde lenyewe mawimbi hupunguza mwendo kwa sababu mwamba wa huko ni wa moto na laini zaidi. Ilikuwa kazi ya thamani kubwa, na mradi wa kimataifa wa KRISP, uliochunguza Bonde la Ufa la Kenya kwa mawimbi ya mtetemeko, uliifuata katika miaka ya 1980 na 1990, lakini swali lake lilihusu vilindi vya ardhi. Mteremko uliokuwa jirani haukuwa sehemu ya swali hilo.

Hata hivyo, wazo kwamba poromoko lenyewe linaweza kujiandika katika seismogramu, yaani mchoro wa mtikisiko wa ardhi, lilikuwa limekwisha kuzuka. Tarehe 18 Februari 1911, mlima uliporomoka huko Usoi katika safu za Pamir na kuziba mto Murghab kwa takriban kilomita mbili za ujazo za mawe, na mtikisiko wa siku hiyo ukarekodiwa katika vituo vya mbali, kikiwemo cha Pulkovo nchini Urusi. Mwaka 1915 mtaalamu wa matetemeko wa Urusi, Boris Golitsyn, alidai kwamba poromoko ndilo lililozaa mtikisiko huo, lakini utafiti wa baadaye ulionesha kwamba nishati ya poromoko isingetosha, na kwamba tetemeko ndilo lililouangusha mlima. Golitsyn alikosea kuhusu Usoi, lakini njia aliyoifungua ilikuwa ya kweli.

Ilithibitika baada ya ubavu wa mlima St. Helens wa Marekani kuporomoka tarehe 18 Mei 1980. Hiroo Kanamori na Jeffrey Given waliona kwamba mawimbi marefu ya siku hiyo, ambayo kila moja huchukua makumi ya sekunde kupita, hayakufanana na ya miamba miwili inayosuguana, bali yalilingana na nguvu moja iliyousukuma uso wa dunia. Kanuni yake ni nyepesi: kama mtu arukaye kutoka mtumbwini anavyousukuma mtumbwi nyuma, ndivyo mzigo wa udongo unaposhika kasi unavyoisukuma ardhi kinyume cha uelekeo wake, kisha unapopunguza mwendo huisukuma mbele. Kwa hiyo anayeijua historia ya nguvu hiyo anaweza kukadiria uzito wa mzigo, kasi yake na njia uliyopita, hata pasipokuwa na shahidi. Mwaka 2013 Göran Ekström na Colin Stark waliitumia njia hii kuchunguza maporomoko makubwa 29 ya tangu 1980, mengine yakiwa katika milima isiyofikika kwa urahisi.

Ugumu wa ukingo wa Elgeyo na milima jirani ya Cherangani ni wa kipimo. Maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 40 huko Pokot Magharibi usiku wa 22 Novemba 2019, mafuriko ya tope yaliyosomba kituo cha biashara cha Chesegon mwezi wa Aprili 2020, na poromoko la Chesongoch, huko Marakwet, lililowaangukia watu usingizini alfajiri ya 1 Novemba 2025, ambalo majeruhi wake walisafirishwa kwa ndege hadi Eldoret, yote yalikuwa makubwa kwa waliofiwa na madogo mno kwa mawimbi marefu. Mizigo ya namna hiyo hutoa mtetemo wa haraka, unaoanza polepole, ukavimba na kufifia bila mshtuko wa kwanza ulio dhahiri, na ambao ardhi huumeza ndani ya makumi machache ya kilomita. Kituo cha Kilimambogo, kilicho katika mtandao wa kimataifa wa kuchunguza majaribio ya nyuklia, kipo karibu kilomita 300 kutoka Chesongoch. Hata Kaptagat ni mbali.

Penye maporomoko ya namna hii, ala huwekwa kandokando ya korongo lenyewe, kama ilivyofanywa Illgraben nchini Uswisi, ambako tope likipita ala ya juu hutambuliwa kabla ya kufika chini, na muda kati ya ala mbili huonesha kasi yake. Katika makorongo ya Marakwet dakika chache zinazopatikana kwa njia hiyo ndizo zinazohitajika, hasa usiku, wakati ambapo hakuna anayeweza kuuona mto ukibadilika rangi.