Wi-Fi Inakata Ukianza Kupakua Faili Kubwa? Usilaumu Rauta Bado, Cheki Draiva

Unajua ile stori. Asubuhi yote desktop yako iko poa, YouTube inacheza, hadi uanze kupakua game ya GB 60 ama kutuma kazi ya klayenti. Dakika chache tu, Wi-Fi inapotea. Sio slow, imepotea! Hata majina ya Wi-Fi za majirani hayaonekani tena mpaka uzime mashine na uiwashe upya.

Kabla upigie watu wa intaneti kelele, shika simu uingie kwa hiyo hiyo Wi-Fi. Simu ikiwa fiti na desktop imelala, rauta haina makosa. Mshukiwa ni draiva, ile programu inayosimama kati ya Windows na kadi ya Wi-Fi. Net ikiwa kidogo, kazi yake ni rahisi. Ukifungulia data yote, pakiti zinajaa kwa foleni, na kama draiva ina kasoro ama chip imechelewa kujibu, inaganda. Ukiingia Device Manager unaweza kupata alama ya manjano, na Code 10 ama Code 43.

Unataka ushahidi? Fungua Command Prompt kama administrator, andika netsh wlan show wlanreport. Utapata ripoti ya siku tatu zilizopita, na saa kamili Wi-Fi ilikata. Hiyo ndio unampea fundi, juu kuna wasee watakuambia motherboard imekufa ndio wakuuzie ingine.

Anza na ya bure. Kwa Device Manager, fungua kadi yako, ingia Power Management, toa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kadi ili kuokoa stima. Haina hiyo sehemu? Ruka. Kama shida ilianza baada ya update, nenda sehemu ya Driver, bonyeza Roll Back Driver. Kama sivyo, chukua draiva mpya kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta ama kadi. Zile programu za "tunaupdate draiva zote bure" achana nazo kabisa, buda.

Sasa wewe mwenye kale kaadapta kadogo ka USB ka Luthuli, soma hapa vizuri. Hizo vitu huchemka zikifanya kazi ngumu. Halafu USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwa masafa ya 2.4 GHz, na Intel walishaandika hiyo mambo 2012. Kelele ikizidi, pakiti zinatumwa tena na tena, na mzigo wa draiva unaongezeka. Chomeka adapta kwa waya wa extension, mbali na hard disk ya nje, na kama rauta na adapta zinashika 5 GHz, hamia huko.

Na kama kazi inafaa iingie leo usiku ndio ulipwe? Tumia waya wa Ethernet, haupitii draiva ya Wi-Fi hata kidogo. Rauta iko mbali? Unganisha simu kwa desktop na waya wa USB, uwashe USB tethering. Simu nyingi za Android zitachukua hiyo Wi-Fi ya nyumba na kuipitisha, bila kukula bundles zako.