Takwimu

Mwenye duka la jumla Kariakoo akikwambia "data zimekwisha", huenda analilia bando la simu, wala si hesabu za mauzo. Ndiyo maana mimi nang'ang'ania neno takwimu.

Asili yake ni Kiarabu, na huko taqwim ni kalenda. Kamusi za zamani za Kiswahili nazo zinalo kwa maana hiyo. Si ajabu: mfanyabiashara wa pwani alihitaji kujua siku kabla ya kujua bei. Kaskazi, unaovuma takribani Desemba hadi Machi, ulileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, kusi uliyarudisha. Aliyekosea majira alikaa na mzigo wake mpaka upepo ugeuke tena. Kalenda ndiyo iliyomwambia anunue lini na auze lini.

Watazame ndugu za neno takwimu wa mzizi mmoja: kima, kaimu, makamu, hata kiyama! Kwa mfanyabiashara aliye karibu zaidi ni kima, maana takwimu isiyozaa kima cha mzigo wa kuagiza ni pambo la ukutani.

Siku hizi mashine ya risiti na programu ya stoo hunasa kila mauzo. Hata hivyo nawasikia mameneja wakisema "takwimu zinaonyesha" kabla hawajazifungua. Nawe mhariri mwenzangu, ukikutana na "data za takwimu", futa neno moja. Unajua lipi ningelibakiza.