Fasihi Simulizi Ubaoni: Kutoka Misheni ya Mbozi hadi Mlimani

Wanaoandika historia ya mtaala wetu hupenda kuanzia 1967, kana kwamba kabla ya Elimu ya Kujitegemea hapakuwa na mwalimu wala mwanafunzi. Kwa mtoto wa Iyula, Wilayani Mbozi (zamani Mkoa wa Mbeya, Songwe tangu 2016), historia hiyo inaanza 1899, Wamoravian walipofungua misheni pale Mbozi. Shule ya misheni ilitaka wasomaji wa Biblia, na mbinu yake ikafuata lengo hilo: mwalimu anasema, watoto wanaitikia. Ajabu ni kwamba mmisionari mwenyewe, Traugott Bachmann, aliketi na Wanyiha akasikiliza ngano zao, akaziandika, zikachapishwa Ujerumani. Yaani ngano ilikuwa elimu kwa Mjerumani, ila darasani haikuwa elimu kwa Mnyiha! Mkanganyiko huo ulianzia hapo, na mimi sioni kama umekwisha.

Mwalimu Nyerere aliuona. Waraka wake wa Machi 1967 ulishutumu elimu inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba wazee wake wasiopita shule hawajui kitu. Lakini kilichotekelezwa hasa ni jembe. Katika nchi ya kahawa kama Mbozi, shamba la shule lingeweza kuwa darasa la hesabu, la historia, hata la fasihi, maana nyimbo za kazi ziko palepale shambani. Badala yake, sehemu nyingi nchini, shamba likawa kibarua cha mchana au adhabu ya mchelewaji. Azimio la Musoma la 1974 lilijaribu kupunguza nguvu ya mtihani wa mwisho, wapi! Mtihani ukabaki kuwa ungo uleule.

Sasa tuje kwenye somo letu. Fasihi simulizi imo katika muhtasari wa Kiswahili wa sekondari, na huo ni ushindi wa watu waliopigania iwemo. Lakini je, imeingiaje? Imeingia kama orodha: tanzu, vipera, mifano miwili miwili. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na kitabu kimoja anaandika ubaoni, wanafunzi wananukuu, mtihani unasema "fafanua", nao wanafafanua. Mwanafunzi wa Iyula anaweza kupata alama zote za swali la ngomezi bila kuwahi kusikia ngoma ikipeleka ujumbe. Jioni anarudi kwa bibi yake, anasimuliwa hadithi kwa Kinyiha, na haimjii akilini kwamba kile alichonukuu asubuhi ndicho hiki.

Na orodha hiyo tunajua ilikotoka. Imetoka kwetu, chuoni. Mwaka 1989, katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi aliigawa fasihi simulizi katika tanzu sita. Hakuzigawa hivihivi, alitazama umbile la kila utanzu, kisha muktadha wake na namna unavyowasilishwa: nani anatenda, mbele ya nani, wapi, lini. Tanzu zikasafiri salama hadi madarasani. Muktadha ukabaki njiani, kwa sababu muktadha hauandikiki ubaoni.

Tusimtupie lawama mwalimu. Mtaala wa sekondari wa 2005, ule wa kujenga umahiri, ulitaka mwanafunzi atende, lakini umahiri wenyewe ukaendelea kupimwa kwa kalamu na karatasi. Mwalimu si mjinga, anafundisha kinachopimwa. Sisi je? Kijana yuleyule akifika Mlimani tunampa kinasa sauti na kumrudisha kijijini "kukusanya data" kwa wazee aliokua akiwasikiliza, kama Bachmann, tofauti ni kwamba huyu amezaliwa pale. Baadhi ya wazee hao atakuta wameshazikwa.

Kinachotakiwa si muhtasari mwingine mpya. Zitengwe alama, hata kama ni 20 tu katika 100, kwa ajili ya usimulizi: mwanafunzi asimulie mbele ya wenzake hadithi aliyoipata nyumbani, kwa Kinyiha akitaka, kisha aijadili kwa Kiswahili. Mzee mmoja wa kijiji aalikwe akae na mwalimu wakati wa kutoa alama. Najua Baraza la Mitihani litauliza mzee huyo ana cheti gani.