Gereza, Kichwa cha Udongo na Maneno: Kuenzi Historia ya Haki za Kiraia Luzira kupitia Makumbusho ya Jamii

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna historia ya haki za kiraia jijini Kampala inavyoweza kuenziwa kupitia programu za makumbusho ya jamii katika eneo la Luzira. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu ya Luzira imegawanyika mafungu matatu: kitu, hukumu na maneno. Kitu kimehifadhiwa ng'ambo, hukumu zimehifadhiwa na wanasheria, na maneno yamebaki vinywani mwa watu wanaozidi kuzeeka. Makala yanapendekeza kwamba programu yoyote ya makumbusho ianzie kwenye maneno, na kwamba Kiswahili, pamoja na historia yake nzito nchini Uganda, kipewe nafasi katika kazi hiyo.

1. Utangulizi

Luzira iko kusini-mashariki mwa Kampala, katika Divisheni ya Nakawa, kando ya Ziwa Viktoria. Hapo ndipo ilipo bandari ya Port Bell, ambayo kwa miongo mingi imeiunganisha Kampala na Kisumu na Mwanza. Pamoja na bandari hiyo na viwanda vyake, jina la Luzira halimletei Mganda taswira ya maji wala ya meli. Kupelekwa Luzira ni kufungwa. Gereza lililojengwa juu ya kilima hicho katika miaka ya 1920 limeendelea kuwa gereza kuu la nchi chini ya ukoloni, chini ya serikali zote zilizofuata uhuru wa 1962, na hadi leo.

Kwa hiyo Luzira ni mahali ambapo swali la haki za raia limeulizwa kwa namna iliyo wazi kuliko pengine popote jijini: serikali inaweza kumshika mtu kwa msingi gani, kwa muda gani, na nani ana mamlaka ya kuihoji? Hata hivyo historia hiyo haina mahali ambapo mkazi wa kawaida anaweza kuingia, kuiona na kuizungumza. Sehemu zinazofuata zinaeleza mafungu matatu ya kumbukumbu hiyo, kisha zinajadili jinsi ya kuyakutanisha.

2. Kitu: kichwa kilichofukuliwa na wafungwa

Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba kilimani Luzira kwa ajili ya ujenzi wa gereza walifukua vipande vya sanamu ya udongo wa kuchoma, kikiwamo kichwa cha binadamu. Vipande hivyo vilimfikia E. J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, na hatimaye vikapelekwa London, ambako vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kwa muda mrefu sanamu hiyo ilichukuliwa kuwa kioja kisicho na ndugu. Andrew Reid na Ceri Ashley, katika makala yao ya 2008, waliirudisha kwenye mazingira yake kwa kuihusisha na ufinyanzi wa kale wa ukanda wa kaskazini mwa ziwa.

Kwa mada hii, jambo la kuzingatia si umri wa sanamu peke yake. Ni namna ilivyopatikana. Mojawapo ya vitu vya kale vinavyojulikana zaidi kutoka Uganda iliibuliwa na mikono ya watu walionyang'anywa uhuru wao, wakifanya kazi wasiyoichagua. Masimulizi ya kitaalamu yametunza jina la afisa aliyeipokea na majina ya wataalamu walioieleza. Waliochimba wamebaki kuwa "wafungwa" tu. Makumbusho ya jamii yanayohusu haki za raia yanaweza kuanzia hapo hapo, kwa sababu kutotajwa kwa jina ndiyo hatua ya kwanza ya kunyimwa haki nyingine.

Suala la kuirejesha sanamu halikosi mifano. Masalia ya Kibuuka, shujaa wa vita aliyeheshimiwa kama mungu katika Buganda, yalirejeshwa kutoka Cambridge wakati wa uhuru mwaka 1962. Juni 2024, Chuo Kikuu cha Cambridge kilituma vitu 39 kwenye Makumbusho ya Uganda kwa utaratibu wa mkopo. Kichwa cha Luzira kinaweza kuombwa kwa njia ya aina hiyo. Lakini ombi hilo litakuwa na nguvu zaidi pale Luzira yenyewe itakapokuwa na mahali pa kukipokea na watu walio tayari kukieleza.

3. Hukumu: haki moja katika vipindi vinne

Fungu la pili ni la mahakama. Likisomwa kutoka Luzira, linakuwa simulizi la haki moja: haki ya mtu aliyeshikwa kufikishwa mbele ya jaji ili uhalali wa kushikwa kwake uchunguzwe.

Kipindi cha kwanza ni cha 1966. Michael Matovu, chifu wa kaunti ya Buddu, alikamatwa Mei mwaka huo katika mgogoro uliompindua Kabaka Mutesa II, na akawekwa kizuizini chini ya kanuni za hali ya hatari. Ombi lake dhidi ya Kamishna wa Magereza lilisikilizwa na jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Udo Udoma. Februari 1967 mahakama ililikataa. Kwa kutumia nadharia ya Hans Kelsen, majaji waliona kwamba mapinduzi yaliyofanikiwa huzaa sheria yake yenyewe. Uamuzi huo umenukuliwa katika nchi nyingi, na wanafunzi wa sheria wanaufahamu vyema. Kilimani Luzira maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mlango haukufunguka.

Kipindi cha pili ni cha 1968. Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala na mwanzilishi wa jarida la Transition, alikamatwa pamoja na mbunge Abu Mayanja kwa sababu ya maandishi yaliyohoji katiba mpya na uteuzi wa majaji. Waliposhtakiwa kwa uchochezi, mahakama iliwaona hawana hatia. Hata hivyo waliendelea kuzuiliwa chini ya kanuni zile zile za hali ya hatari. Hapa mahakama ilisema, na serikali haikusikia.

Kipindi cha tatu kina jina la Benedicto Kiwanuka. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda kwa muda mfupi mwaka 1962. Alitiwa kizuizini mwaka 1969, akaachiwa Januari 1971 Idi Amin alipowafungulia wafungwa wa kisiasa, na mwaka huo huo akateuliwa kuwa Jaji Mkuu. Aliyekuwa kizuizini bila kuhukumiwa sasa alikuwa na mamlaka ya kuamuru wengine wafunguliwe, na aliyatumia. Septemba 1972 aliamuru kuachiwa kwa mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa ameshikwa na jeshi kinyume cha sheria. Tarehe 21 mwezi huo alikamatwa ofisini mwake katika Mahakama Kuu, akachukuliwa, na akauawa. Tangu 2018 Mhimili wa Mahakama umekuwa ukiandaa mhadhara wa kumbukumbu yake.

Kipindi cha nne ni cha wafungwa wenyewe. Katiba ya 1995, katika Ibara ya 44, iliiweka amri ya kumfikisha mfungwa mbele ya jaji miongoni mwa haki zisizoweza kuondolewa kwa hali yoyote, sambamba na haki ya kutoteswa na haki ya kusikilizwa kwa usawa. Kosa la 1966 na jeraha la 1972 vinasomeka ndani ya ibara hiyo. Lakini Aprili 1999 watu 28 walinyongwa Luzira kwa siku moja. Miaka michache baadaye Susan Kigula na wenzake 417 waliokuwa wamehukumiwa kifo waliishtaki serikali. Mahakama ya Katiba mwaka 2005, na Mahakama ya Juu tarehe 21 Januari 2009, zilitamka kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka Katiba, na kwamba kumweka mtu akingoja kamba zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho hakukubaliki. Baadhi ya wafungwa wa Luzira, Kigula akiwa mmoja wao, walisomea sheria wakiwa ndani kupitia Chuo Kikuu cha London.

Vipindi hivi vinne vinatosha kuwa uti wa mgongo wa maonyesho. Tatizo ni kwamba vyote vimo katika Kiingereza cha mahakama. Ibara ya 4 ya Katiba inaitaka serikali kuitafsiri Katiba katika lugha za Uganda na kuisambaza kwa upana. Muhtasari wa hukumu hizi kwa Kiganda na Kiswahili ungekuwa sehemu ya wajibu huo huo.

4. Maneno: Kiswahili kama ushahidi

Fungu la tatu halipo kwenye kabati lolote. Nalo ndilo linaloigusa taaluma ya Kiswahili moja kwa moja.

Nchini Uganda Kiswahili kilikuwa, na bado ni, lugha ya amri katika jeshi, polisi na magereza, urithi wa kikosi cha King's African Rifles. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa Waganda wengi wa kizazi hicho, Kiswahili ni sauti iliyosikika usiku mlangoni. Tangu 2005 Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kama somo la lazima. Mara nyingi washauri wa sera hushangaa kwa nini utekelezaji unakwenda polepole. Sehemu ya jibu imo katika maneno.

*Panda gari* ni mfano ulio bayana. Kwa msemaji wa Dar es Salaam ni mwaliko wa safari. Kwa mkazi wa Kampala aliyeishi miaka ya mwanzo ya 1980, ni jina la misako ambayo askari walizingira mtaa, wakawachambua watu na kuwapakia kwenye malori, na baadhi yao hawakurudi. *Magendo* ni jina la uchumi mzima wa miaka ya 1970. *Mafuta mingi* ni jina la waliotajirika baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972. Sarufi sanifu ingedai *mafuta mengi*. Lakini upatanisho huo wa Kikampala ni sehemu ya ushahidi: unaonyesha kwamba watu waliichukua lugha ya wenye bunduki, wakaitengeneza upya na kuitumia kuwabeza wakubwa. Atakayeisahihisha kwenye maelezo ya kionyeshwa atakuwa amefuta alama ya vidole vya mwenye neno. Na lipo neno la upande wa pili, *wakombozi*, jina walilopewa askari wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 1979. Lugha ile ile imebeba lori na ukombozi.

Uzito wa maneno haya unaonekana zaidi yakilinganishwa na picha. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha za enzi ya Amin kutoka hifadhi ya Shirika la Utangazaji la Uganda. Zilipigwa na wapigapicha wa serikali, na kwa sehemu kubwa zinaonyesha kile ambacho serikali ilitaka kionekane: hotuba, gwaride, mapokezi ya wageni. Selo haikupigwa picha. Palipokosekana kamera ni neno la aliyekuwapo ndilo linaloweza kusema.

5. Makumbusho nje ya lango

Magereza yaliyogeuka makumbusho si machache. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa gereza la kikoloni tangu 1895 hadi 1958, ikafunguliwa baadaye kuwa makumbusho. Johannesburg ilijenga Mahakama ya Katiba juu ya eneo la gereza la zamani, na matofali ya jengo la mahabusu yakatumika katika kuta za mahakama hiyo. Luzira haiwezi kuiga mifano hii, kwa kuwa bado ni gereza na bado lina watu. Kuwafanya wafungwa wa leo kuwa kitu cha kutazamwa kungekuwa kinyume cha haki zinazoenziwa.

Mfano unaofaa zaidi ni Makumbusho ya District Six, Cape Town, yaliyofunguliwa mwaka 1994 na jamii iliyohamishwa kwa nguvu. Kiini chake ni ramani ya mtaa uliobomolewa, ambayo wakazi wa zamani waliijaza wenyewe. Hazina yake haikuwa vitu peke yake. Palikuwa na watu waliojua nyumba ya nani ilikuwa wapi. Uganda nayo ina msingi: Shirikisho la Makumbusho ya Jamii la Uganda linayaunganisha makumbusho madogo ya maeneo mbalimbali, na Kitgum kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu na Uhifadhi wa Nyaraka za Amani, kilichojengwa juu ya ushuhuda wa vita vya kaskazini.

Kwa Luzira, programu yenye hatua nne inapendekezwa. Kwanza, masimulizi yarekodiwe kutoka kwa waliofungwa, familia zao, askari magereza wastaafu na wafanyakazi wa bandari, kila mmoja kwa lugha aliyoichagua na kwa ridhaa inayoweza kuondolewa. Pili, maneno ya enzi hizo yakusanywe kama vionyeshwa, kila moja likiwa na maana yake, mahali liliposikika na sauti ya anayelikumbuka. Tatu, kalenda ya jamii ijengwe juu ya tarehe zilizopo, zikiwamo 21 Januari na 21 Septemba, katika shule na kumbi za Luzira. Nne, familia za waliouawa katika uhalifu wa kawaida zipewe nafasi panapozungumzwa hukumu ya kifo, kwa sababu historia ya haki inayomsahau mwathirika haitaaminiwa na majirani.

6. Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba Luzira haikosi turathi. Inakosa mahali ambapo turathi hizo zinakutana. Kichwa cha udongo kinaweza kungoja London miaka mingine, na hukumu zitaendelea kuchapishwa. Aliyepakiwa kwenye lori mwaka 1982 akiwa na miaka 25 alizaliwa 1957, na hangoji kwa namna hiyo. Kwa watunga sera wanaotaka Kiswahili kipokelewe Uganda, kazi hii si ya pembeni. Lugha iliyotumika kuwaamuru watu wanyamaze itapokelewa kwa moyo mwepesi zaidi itakapotumika kuwauliza yaliyowapata, na kuyaandika majibu kama walivyoyasema.